Panya mwenye doa jeupe: shajara ya mradi wetu wa viinitete, Kigoma

4 Mei

Mradi huu umeanza kwa swali la wifi yangu, kwa hiyo naliandika kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mtoto wake alizaliwa na mgongo wazi. Alipelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji, na huko huko daktari alipomsikiliza kifua akagundua kwamba moyo nao una tundu. Walirudi Kigoma kwa treni, mtoto amelala mapajani, na njia nzima mama alikuwa akifikiria maneno ya watu: kwamba alivunja mwiko, alitazama asichopaswa kutazama, alikula kisicholiwa na mjamzito. Jioni ya kwanza nyumbani aliniambia, "Wifi, wewe unafundisha biolojia. Mgongo uko nyuma, moyo uko mbele. Ni kitu gani kimeharibu vyote viwili?"

Nikamjibu, "Ni mambo ya jeni, wifi."

Akanitazama tu. Neno lile halikumwambia kitu, na nililijua hilo hata wakati nalitamka. Nimefundisha jeni, yaani maelekezo ya kujenga mwili tunayorithi kwa wazazi, kidato cha nne miaka tisa, watoto wanajibu mitihani na kufaulu, lakini sijawahi kumweleza mtu jinsi jeni moja inavyoweza kugusa mgongo na moyo kwa pamoja.

Kwa hiyo: klabu ya sayansi, wanafunzi kumi na wanne, mihula miwili. Tutafinyanga kwa udongo viinitete vya panya, yaani watoto wakiwa bado wanaanza kujengwa tumboni, kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 ya mimba, vizima na vyenye kasoro, na maelezo yote yatakuwa kwa Kiswahili.

9 Mei

Wanafunzi wameuliza kwa nini panya. Ni swali la haki, maana hapa mtaani panya ni wa kutegewa mtego.

Panya hubeba mimba siku 19 hadi 20 tu, na karibu kila jeni aliyo nayo ina mwenzake kwa binadamu. Rasimu ya orodha ya herufi za vinasaba vyake ilichapishwa mwaka 2002. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa tayari wanajua kuzima jeni moja ya panya waliyoichagua na kungoja kuona nini kitaharibika. Kazi hiyo iliwapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Kwa binadamu mtu hawezi kufanya hivyo, na haipasi.

Kilichowashika zaidi wanafunzi ni kalenda. Siku ya 7 na nusu moyo wa panya haujawa moyo, ni seli zilizojipanga kama mwezi mwandamo. Siku ya 8 pembe mbili za huo mwezi zinakutana na kuwa mrija mmoja, na mrija huo unaanza kupiga. Saa hizo hizo, mgongoni, kuna bamba la seli lililo bapa ambalo linaanza kujikunja ili liwe mrija mwingine, wa neva, utakaozaa ubongo na uti wa mgongo. Kufunga kunaanzia shingoni, kunakwenda mbele kichwani na nyuma mkiani kama zipu, na karibu siku ya 10 kazi imekwisha.

Yaani moyo na mgongo vinajengwa wiki moja, ndani ya kitu kisichofikia punje ya mchele. Mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, hawa mafundi wawili wako kwenye nyumba moja siku moja." Nimeandika maneno yake ubaoni na sijayafuta.

17 Mei

Nimekwenda Mwandiga kwa mama mfinyanzi ninayenunua kwake vyungu. Nilimweleza ninachotaka, nikamchorea. Aliangalia mchoro wa bamba linalojikunja akasema, "Hili nalijua." Akakata utepe wa udongo wenye upana wa vidole vitatu, akaulaza kiganjani, akainua kingo mbili mpaka zikagusana juu, akalowesha kidole na kupitisha. Mrija.

Kisha akanionyesha jambo ambalo nimelifikiria tangu jana. Alichukua utepe mwingine, akainua kingo kama mwanzo, lakini kabla hazijagusana akaupinda utepe mzima kuelekea chini, kama upinde. Kingo zikaachana zenyewe. Hata ukizisukuma na vidole zinarudi. "Udongo ni ule ule," alisema, "maji ni yale yale. Kilichoharibu ni chini."

Mama huyu hajawahi kusikia habari za panya mwenye mkia uliojikunja, ambaye wanasayansi wamemchunguza kwa miaka mingi. Panya huyo ana upungufu kwenye jeni iitwayo Grhl3. Seli zenye shida si zile za bamba la neva. Ni zile zilizo chini yake, za utumbo unaochipuka: zinagawanyika polepole kuliko kawaida, mgongo wa nyuma unaendelea kukua, mwili unapinda, kingo zinashindwa kukutana. Wengine wanafunga wakiwa wamechelewa na kubaki na mkia uliojikunja. Wengine hawafungi kabisa na wanapata mgongo wazi. Kilichoharibu ni chini. Nilimwomba anirudie hatua ile mara tatu, nikaipiga video kwa simu.

Nimenunua kwake udongo ndoo mbili.

25 Mei

Kosa langu la kwanza kubwa. Nilifinyanga kiinitete cha siku ya 8 kikiwa kimejikunja kama mtoto tumboni, tumbo ndani na mgongo nje. Usiku nikafungua picha za wazi za mtandaoni kulinganisha, nikaona panya wa siku hiyo amekaa kinyume: mgongo umeingia ndani na tumbo liko nje, kama mtu anayeruka akiwa amebinuka nyuma. Ni baadaye kidogo, kuelekea siku ya 9, ndipo anajigeuza mzima mzima na kujikunja tunavyomzoea. Mtoto wa binadamu hana hatua hiyo.

Model tatu zimerudi kwenye ndoo. Sikukasirika. Wanafunzi niliwaambia ukweli kwamba nilikisia, na kukisia ndiko kulikonipoteza.

Jambo la vipimo nalo: tulipanga kukuza kila kitu mara mia. Kwa siku ya 8 ni sawa, unapata kitu cha kushika mkononi. Kwa siku ya 14, kiinitete kikiwa na sentimita moja hivi, tungehitaji model ya mita nzima. Kila model sasa ina kipimo chake, na kando yake tutaweka punje ya mchele iliyokuzwa kwa kipimo hicho hicho.

8 Juni

Mayai. Panya wajawazito hatuna na hatutawatafuta, lakini nilitaka watoto waone moyo halisi ukianza, na kifaranga anafuata njia inayofanana sana: mwezi mwandamo, mrija, kupinda.

Mayai ya kwanza niliyanunua dukani. Siku nne kwenye boksi lenye balbu na kipimajoto, nyuzi 37.5, hakuna kitu. Ni ya kuku wa mayai wasiokaa na jogoo. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Mara ya pili nilichukua kumi na mawili ya kienyeji kwa jirani. Siku ya pili umeme ulikatika saa tano usiku. Nilifunga boksi kwa blanketi, nikaweka chupa mbili za maji ya moto, nikakaa nalo hadi ukarudi karibu na adhana ya alfajiri.

9 Juni

Leo tumefungua mayai matatu ya saa 72. Nilisema matatu tu, na kabla ya kufungua niliwaambia kwa nini tunafungua na kwamba kila yai lililofunguliwa halitaanguliwa. Hakuna aliyecheka.

Unagonga upande butu, unamenya ganda taratibu kwa koleo ndogo, unaondoa utando. Juu ya kiini cha manjano kuna mishipa ya damu iliyotandaa kama mizizi ya mpera, na katikati, nukta nyekundu. Inapiga. Ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na inapiga kwa nguvu kiasi kwamba mishipa yote inatikisika nayo. Darasa lilinyamaza mpaka tukawa tunasikia pikipiki za barabara ya Ujiji.

Tulihesabu kwa saa ya mkono: dakika ya kwanza mapigo 112. Kadiri yai lilivyopoa ndivyo yalivyopungua, dakika ya sita yakawa 70. Msichana mmoja aliomba turudishe boksini. Nikamweleza kwamba haitasaidia tena, na akaenda kusimama dirishani. Nimemwacha. Nimekuwa nikifikiria kama ilikuwa sawa kufungua matatu badala ya moja, na nadhani moja lingetosha.

Mayai saba yaliyobaki hai nimeyaweka chini ya kuku wa jirani anayeatamia.

29 Juni

Likizo. Nimetumia bando zima la wiki kwenye picha za panya.

Kuna mtandao wa maabara za nchi mbalimbali uliojipanga kuzima jeni za panya moja baada ya nyingine na kuweka matokeo wazi kwa yeyote. Mwaka 2016 walitoa taarifa ya jeni 1,751 za kwanza: kati ya hizo, 410 zilikuwa za kufa na kupona, yaani panya aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili hakuweza kuishi. Katika picha za viinitete vya siku ya 14 na nusu unaona mioyo ambayo kuta zake hazikukamilika. Siku hiyo ni muhimu kwa sababu kwa panya mzima kuta za moyo zinakuwa zimekwisha kuziba, kwa hiyo tundu lolote linalobaki ni tundu kweli.

Lakini lililonikalisha hadi saa nane usiku ni hili. Panya ndugu wa ukoo mmoja, wenye vinasaba karibu sawa kabisa na jeni ile ile mbovu, hawapati kasoro ile ile. Mmoja moyo una tundu, mwenzake moyo uko sawa na kichwa hakikufunga, wa tatu huoni kitu. Jeni ni moja, tumbo ni moja, chakula ni kimoja. Hata maabara, ambako kila kitu kimepimwa, bado kuna bahati ndani yake. Nilimfikiria wifi yangu na ile orodha ya miiko aliyosomewa.

12 Julai

Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri, na nitaiandika yote.

Mwaka 1947 ilielezwa aina ya panya wenye doa jeupe tumboni. Doa halimsumbui kitu, anakula na kuzaa. Ukimzalisha mwenye doa na mwenye doa, ndipo mambo yanaonekana. Mwaka 1991 ilijulikana kwamba jeni iliyoharibika ni Pax3. Mwenye nakala moja mbovu ana doa. Mwenye nakala mbili mbovu ana mgongo wazi, mara nyingine na kichwa kisichofungika, na moyo wenye kasoro mahususi: mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ambao unatakiwa kugawanyika kuwa aota, unaopeleka damu mwilini, na mshipa wa mapafu, unabaki mmoja. Kiinitete hufa karibu siku ya 14.

Doa, mgongo, moyo. Nilipowauliza wanafunzi kuna uhusiano gani, walikisia damu, wakakisia chakula. Jibu liko kwenye kingo zile za udongo. Pale kingo mbili za bamba zinapokutana juu, kuna seli ambazo hazibaki kwenye mrija. Zinashuka na kusafiri. Nyingine zinakwenda usoni na kujenga mifupa ya uso. Nyingine zinakwenda utumbo na kuwa neva zake. Nyingine zinakwenda chini ya ngozi na kutengeneza rangi. Na kundi jingine linakwenda hadi kwenye mlango wa moyo na kujenga ukuta unaogawa ule mshipa mkubwa mara mbili.

Pax3 inafanya kazi pale ukingoni. Ikipungua, wasafiri wa rangi hawafiki wote, tumbo linabaki na doa. Ikikosekana, kingo hazifungi, na wasafiri wa moyo hawafiki wa kutosha. Fundi wa moyo alizaliwa mgongoni.

Kwa binadamu pia jeni hii ipo. Mwenye nakala moja mbovu anaweza kuwa na shungi jeupe kwenye nywele za mbele, macho ya rangi mbili tofauti, au uziwi, kwa sababu sikio la ndani nalo linahitaji seli zile za rangi. Tulifanya hesabu kwa maharage: mifuko miwili, kila mmoja una mekundu (nakala nzima) na meupe (nakala mbovu) sawasawa, unachota moja kila mfuko. Mara 80 tulipata mekundu mawili 23, mchanganyiko 38, meupe mawili 19. Kisha nikayaondoa mezani yale 19, kwa kuwa hao hawazaliwi, na nikawaambia wahesabu wanaozaliwa. Wenye doa 38 kati ya 61. Kanuni ya kurithi ya Mendel, tunayoifundisha kwa ajili ya mtihani, inatarajia robo, nusu, robo; mwenye kuhesabu watoto waliozaliwa tu angeona theluthi mbili na kuchanganyikiwa. Mvulana wa nyuma alisema polepole, "Kwa hiyo wasioonekana ndio wanaoeleza."

20 Julai

Kwa kifupi. Model ya moyo usiopinda imekamilika: panya asiye na Nkx2-5, mrija unajengwa, unapiga, lakini haupindi, na kiinitete hakiishi zaidi ya siku ya 10. Kwa watu, nakala moja mbovu ya jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1998 katika familia zenye tundu kwenye ukuta wa juu wa moyo na umeme wa moyo unaochelewa.

Jaribio la beseni na pilipili ya unga kuonyesha vinyweleo vinavyosukuma majimaji kushoto, ambavyo ndivyo vinavyouambia moyo uende upande gani, limeshindikana mara mbili. Tutarudia.

2 Agosti

Model zimechomwa Mwandiga. Kumi na moja ziko salama. Ile ya siku ya 10, nzima, imepasuka mgongoni kwa urefu.

Wanafunzi walifurahi, wakasema tuiache iwe mgongo wazi. Nimekataa. Mpasuko ni kitu kilichokuwa kimefungwa kikafunguka. Mgongo wazi haukufungika tangu mwanzo. Mama akiona mpasuko atasema, nilianguka lini, nilibeba ndoo gani nzito. Tutafinyanga upya.

10 Agosti

Wifi amekuja, mtoto mgongoni. Nilipanga model mezani, nikampa aguse. Nilianza na utepe wa udongo mbichi, nikainua kingo, nikamwonyesha seli za ukingoni kwa mbegu za ufuta: hizi zinakwenda usoni, hizi kwenye ngozi, hizi moyoni. Alichukua mbegu moja kwa kidole akaisogeza mwenyewe kutoka mgongoni mpaka kifuani.

"Kwa hiyo zinatembea," alisema.

"Zinatembea, wifi."

"Na wa kwangu hazikufika."

Hapo nilikuwa mwangalifu. Nikamwambia kwamba kwa mtoto wake hakuna aliyepima jeni, kwamba watoto wengi wenye mgongo wazi hawana jeni moja ya kunyooshewa kidole, kwamba tundu la moyo nalo lina njia nyingi. Panya mwenye doa anatuonyesha jinsi mambo mawili yaliyo mbali yanavyoweza kuwa na mzizi mmoja, hathibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake. Nikamwonyesha na zile picha za ndugu watatu wa ukoo mmoja.

Alikaa kimya, akauliza lini hasa. Kwa binadamu moyo unaanza kupiga karibu siku ya 22 na mrija wa neva unakuwa umefunga siku ya 28. Akahesabu kwa vidole. "Siku hizo nilikuwa shambani Kasulu navuna maharage. Sikujua hata kama nina mimba."

"Wengi hawajui."

"Na vidonge vya kliniki?"

Hilo ndilo linaloniuma. Asidi ya foliki iliyo kwenye vidonge hivyo inasaidia kweli: utafiti mkubwa wa mwaka 1991, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hii, ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku, zikianza kabla ya mimba, zilipunguza kurudia kwa asilimia 72. Hata viinitete vya panya mwenye doa vikipewa asidi hiyo, wengine wanafunga mgongo. Yule wa mkia uliojikunja haimsaidii, yeye husaidiwa na kirutubishi kingine, inositoli. Lakini vidonge tunavyopewa kliniki tunaanza mimba ikiwa imeshaonekana, mrija umeshafunga au umeshashindwa zamani. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa mahindi na ngano zipo nchini tangu 2011, na mimi nasaga mahindi kwenye mashine ya mtaani isiyoongeza kitu, na nusu ya wiki tunakula ugali wa muhogo.

Nikamwambia: ukifikiria mwingine, usisubiri mimba. Nenda kwa daktari kwanza, mweleze habari za huyu, akuandikie dozi ya watu kama wewe, ni kubwa kuliko ile mikrogramu 400 ya kila mwanamke. Ameomba nimwandikie kwenye karatasi. Nimemwandikia.

Alipoondoka mtoto alikuwa ameshika model ya siku ya 9, ile yenye moyo uliopinda, na hakutaka kuiachia. Nimemwachia. Orodha ya kufinyanga upya sasa ina mbili: mgongo wa siku ya 10, na moyo wa siku ya 9. Udongo umebaki nusu ndoo. Jumamosi nakwenda Mwandiga.